Lijue Jua Kabla ya Kuinua Kamera
Ushauri kwa wanaopenda kupiga picha za miti na mandhari

Wengi wanaopenda kupiga picha za miti na mandhari huishia kuilaumu kamera. Mbuyu uliowasimamisha njiani, wakiutazama baadaye kwenye simu, umekuwa gogo jeusi mbele ya anga jeupe lisilo na rangi. Mlima uliojitokeza wazi mbele ya macho umefifia hadi hautofautiani na mawingu. Hapo huanza mawazo ya kununua simu mpya au lenzi ya bei kubwa. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kutoa fedha yako, irudie picha ile iliyokuvunja moyo na ujiulize: nilipobonyeza, jua lilikuwa wapi?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika picha za miti na mandhari jua ndilo linalofanya kazi kubwa, na kamera hupokea tu kile jua lilichoangazia. Anayejua jua litakuwa wapi saa fulani, mwezi fulani, mbele ya mti fulani, atapata picha nzuri hata kwa simu ya kawaida. Asiyejua hilo atahangaika hata akiwa na kamera ya mamilioni.

Kuna sababu nyingine ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mafunzo mengi ya upigaji picha yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Huko, wakati wa kiangazi, jua huzama kwa mshazari na hukaa karibu na upeo wa macho kwa muda mrefu, hivyo mpiga picha hupata saa nzima au zaidi ya mwanga laini. Sisi tulio karibu na ikweta jua letu hupanda karibu wima na kushuka karibu wima, kwa mwendo wa nyuzi 15 hivi kila saa. Ule mwanga wa rangi ya dhahabu, unaopatikana jua likiwa chini ya nyuzi 6 hivi kutoka upeo wa macho, kwetu hudumu takriban dakika 25 asubuhi na dakika kama hizo jioni. Ukifuata ushauri ulioandikwa kwa ajili ya jua la London, utafika Bagamoyo au Malindi mwanga umekwisha.

Saa, kivuli na adhana

Anayehesabu saa kwa Kiswahili ana msaada mkubwa mkononi, kwa sababu saa zetu zinaanzia pale jua linapochomoza. Saa 1 asubuhi jua lina takriban saa moja tangu lichomoze, na liko chini bado. Ikifika saa 3 limekaribia nusu ya safari yake ya kupanda. Saa 6 liko utosini. Jioni mambo hurudi kinyume: kuanzia saa 9 mwanga huanza kulegea, na saa 11 ndiyo saa ya kuwa umeshafika, umeshachagua mahali, na kamera iko tayari.

Hesabu hii hubadilika kidogo kwa mahali na kwa mwezi. Kigoma iko magharibi sana ya Dar es Salaam, hivyo jua huchomoza na kuzama huko takriban dakika 40 baadaye, ingawa miji yote miwili inatumia saa moja. Dar es Salaam kwenyewe jua la Novemba huwahi kuchomoza kuliko la Julai kwa zaidi ya nusu saa. Kwa hiyo tumia kipimo kisichodanganya popote ulipo, nacho ni kivuli chako mwenyewe. Kivuli kikiwa kirefu kuliko wewe, jua liko chini ya nyuzi 45, na mwanga una umbo. Kikiwa kifupi kuliko wewe, miti itakuwa na vivuli vizito chini ya matawi na rangi zitapauka. Kikiwa chini ya miguu yako, tumia muda huo kutafuta mahali utakaporudi jioni.

Kwa walio karibu na msikiti kuna kipimo kingine. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi kwenye pwani yetu, wakati wa Alasiri huingia pale kivuli cha kitu, ukiacha kile kivuli kidogo cha adhuhuri, kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe. Adhana ya Alasiri ikisikika, mpiga picha anajua kwamba jua limekwisha kuinama na ni wakati wa kuanza safari. Adhana ya Magharibi inamwambia jua limezama. Hapo wengi hufunga mikoba na kuondoka, na ndilo kosa kubwa la jioni. Rangi nzito za anga mara nyingi huja dakika 10 hadi 20 baada ya jua kuzama: wekundu kwanza, kisha zambarau, kisha buluu iliyokolea. Anayeswali ana nafasi ya kuswali na kurudi kwenye kamera yake akazikuta.

Jifunze pia kukadiria muda uliobaki kwa mkono. Nyoosha mkono wako mbele, kunja ngumi, iweke juu ya mstari wa upeo wa macho. Ngumi moja ni nyuzi 10 hivi. Kama jua liko ngumi moja juu ya upeo, una takriban dakika 40 kabla halijazama. Ngumi mbili, una zaidi ya saa nzima. Usiliangalie jua lenyewe kwa kulikazia macho, na usilitazame kabisa kupitia kitundu cha kamera yenye lenzi ndefu, kwa sababu lenzi hukusanya mwanga na inaweza kuharibu jicho lako pamoja na kamera.

Jua limesimama upande gani?

Ukifika mbele ya mti, usipige mara moja. Uzunguke kwanza. Mti mmoja, katika siku ileile, una sura nne kutegemea jua liko wapi kwako.

Jua likiwa mgongoni mwako, mti wote unaangaziwa sawasawa. Rangi zinatoka vizuri, anga linakuwa la buluu, na kazi ya kupima mwanga ni rahisi. Kasoro yake ni kwamba vivuli vyote vimejificha nyuma ya mti, hivyo shina linaonekana bapa. Mwanga huu unafaa unapotaka rangi: maua ya mkrismasi, maembe mabivu, au milima ya mbali. Angalia tu kivuli chako mwenyewe kisiingie kwenye picha asubuhi mapema na jioni.

Jua likiwa ubavuni, nusu ya shina inaangaza na nusu iko kivulini. Hapo ndipo gome linapozungumza. Mikunjo ya mbuyu, mipasuko ya mwarobaini, makovu ya mnazi uliokwewa miaka mingi, yote huonekana kwa sababu kila mwinuko unatupa kivuli chake. Kwa mandhari pia, mwanga wa ubavuni ndio unaotenganisha kilima na kilima na kuonyesha mabonde. Kama ungeniuliza uchague upande mmoja tu wa kuanzia, ningekuambia uchague huu.

Jua likiwa mbele yako, nyuma ya mti, una njia mbili. Ya kwanza ni kuuacha mti uwe mweusi kabisa na kupima mwanga kwa ajili ya anga. Njia hii inataka mti wenye umbo safi, uliosimama peke yake, na inataka uiname chini ili matawi yote yakae angani na yasigongane na kilima au nyumba iliyo nyuma. Njia ya pili ni kutafuta majani yanayopitisha mwanga. Jani la mgomba likiwa na jua nyuma yake huonyesha kila mshipa. Majani machanga ya mwembe, yenye wekundu wa shaba, huwaka. Ficha jua lenyewe nyuma ya shina au tawi ili lisiimwagie lenzi mwanga. Ukitaka miale ya jua ionekane kama nyota, liache lichungulie kidogo ukingoni mwa shina na upunguze tundu la lenzi hadi f/16.

Sura ya nne ni ya jua la utosi, ambayo nitaieleza peke yake.

Ijue dira ya mahali pako

Mandhari hayahami, lakini jua linahama. Ukijua mahali panatazama upande gani, hutapoteza safari.

Pwani ya Tanzania Bara na Kenya inatazama mashariki, hivyo jua hutoka baharini na kuzama nchi kavu. Anayetaka minazi ya Bagamoyo au Kilwa ikiwa na jua la baharini nyuma yake aamke alfajiri. Unguja ina pande zote mbili: Paje na Jambiani ni za mawio, Mji Mkongwe na Kendwa ni za machweo. Kigoma na Bujumbura zina jua linalozama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na mkazi wa Uvira, upande wa pili, huliona likichomoza kutoka Burundi. Bukoba, iliyo magharibi mwa Ziwa Viktoria, hupata mawio juu ya maji. Irente, kule Lushoto, ni ukingo wa Milima ya Usambara unaotazama nyika iliyo chini sana upande wa magharibi. Hapo nenda jioni.

Kumbuka pia kwamba jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Mwishoni mwa Juni huchomoza takriban nyuzi 23 kaskazini ya mashariki halisi, na mwishoni mwa Desemba nyuzi kama hizo kusini yake. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko viganja viwili vilivyotanuliwa mbele ya macho. Chukua Kilimanjaro kwa mfano. Moshi iko kusini ya mlima, Amboseli iko kaskazini yake. Desemba na Januari nuru ya asubuhi na jioni huugusa upande unaotazama Moshi. Juni na Julai nuru hiyo huhamia upande unaotazama Amboseli. Na kwa kuwa mlima huu wa mita 5,895 hujifunika mawingu mchana, anayeutaka wote, kutoka miguuni hadi theluji, awe amesimama mahali pake kabla jua halijachomoza.

Kila mti una mwanga wake

Mbuyu ni mti wa kiangazi. Unapopukutisha majani, matawi yake hubaki wazi na umbo lote huonekana. Gome lake la kijivu lina wekundu kidogo ndani yake, na jua la jioni huukoleza. Kwenye bonde la Ruaha Mbuyuni, kando ya barabara ya Morogoro kwenda Iringa, na katika Hifadhi ya Tarangire, mibuyu ni mingi kiasi kwamba kazi ngumu ni kuchagua mmoja. Chagua ule uliojitenga. Ili ukubwa wake ueleweke, mwombe mtu asimame karibu na shina, au subiri tembo au ng'ombe apite. Ukibahatika kuukuta unachanua, maua yake meupe yanayoning'inia hufunguka jioni, popo huyatembelea usiku, na kesho yake hunyauka. Kwa hiyo ua la mbuyu lipigwe katika mwanga wa mwisho wa siku.

Mgunga wenye kilele bapa ni mti wa umbo. Upige kutoka mbali, ukiwa umechuchumaa, anga likiwa nyuma yake. Migunga yenye magome ya manjano, kama ile ya msitu wa Lerai ndani ya Kreta ya Ngorongoro na ile ya kandokando ya Ziwa Naivasha, ina sifa tofauti. Hupendeza zaidi kukiwa na mawingu, kwa sababu jua kali huifuta ile manjano.

Mnazi una majani yanayong'aa na shingo ndefu inayoyumba. Ukiupiga wakati wa kusi au kaskazi, tumia kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi ili makuti yasifutike. Usijilazimishe kuupata wote. Mara nyingi kundi la vilele vitatu au vinne kwenye mwanga wa ubavuni lina maana kuliko shina zima lililokatwa juu.

Mwembe mkubwa ni mgumu, kwa kuwa chini yake kuna giza na nje yake kuna mwanga mkali. Usijaribu kuupata wote kwa mara moja jua likiwa juu. Njoo asubuhi, jua linapopenya chini ya matawi na kufika shinani.

Mikoko inataka ujue maji. Siku za bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo, katika pwani yetu maji hujaa karibu na saa 10 jioni na hutoka karibu na saa 4 asubuhi. Hivyo jioni ya bamvua utapata mikoko imesimama majini, na jua linaloinama likirudi kutoka juu ya maji hadi kwenye majani. Anayetaka mizizi iliyo wazi aende asubuhi, tope likiwa halina maji.

Msitu mnene, kama Jozani, Kakamega, Udzungwa au misitu ya Usambara, haupendi jua kali. Likipenya kati ya majani, sakafu ya msitu hujaa madoa meupe na meusi ambayo kamera haiwezi kuyapatanisha. Nenda siku ya mawingu, au asubuhi ya ukungu, wakati mwanga umetawanyika na kijani kina ngazi nyingi. Humo ndani mwanga ni mdogo, kwa hiyo tumia stendi ya miguu mitatu au egemeza kamera kwenye mti. Mijakaranda ya Nairobi na Arusha, inayochanua kati ya Septemba na Novemba, nayo hupenda wingu zito nyuma yake. Zambarau yake hukolea mbele ya anga la kijivu.

Kupima mwanga

Kamera haijui kwamba unapiga mti. Inatafuta wastani wa mwanga wote iliouona. Anga likiwa kubwa kwenye picha, kamera hudhani kuna mwanga mwingi mno na kuufanya mti uwe mweusi. Msitu wa giza ukijaa kwenye picha, hudhani kuna giza mno na kuifanya picha ipauke. Lazima wewe uamue.

Kwa simu, gusa kioo mahali unapotaka pawe na mwanga sahihi. Simu nyingi zitaonyesha alama ndogo ya jua. Itelezeshe chini hadi anga lirudishe rangi yake, au juu hadi shina lionekane. Bonyeza kwa muda mahali hapo ili kipimo kisibadilike ukisogea. Futa lenzi kwa kitambaa safi kila mara, kwa sababu alama za vidole hugeuza miale ya jua kuwa ukungu. Usikuze kwa vidole, tembea usogee.

Kwa kamera, anza na kanuni ya zamani ambayo bado inafaa: siku ya jua lisilo na wingu, weka tundu la f/16, na kasi ilingane na ISO, yaani kipimo cha usikivu wa kamera kwa mwanga. ISO ikiwa 100, kasi iwe karibu na 1/100 ya sekunde. Ukitoka hapo, ongeza au punguza. Palipo na mwanga mkali sana, pima kwa ajili ya sehemu zenye mwanga. Kivuli kilichozidi giza unaweza kukifungua kidogo baadaye, lakini wingu lililoungua likawa jeupe tupu halirudi. Kama kamera yako inaweza kuhifadhi faili ghafi, tumia faili hizo, zitakuachia nafasi kubwa ya kurekebisha.

Rangi nayo ina mpangilio wake. Jua likiwa chini, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi. Hewa hiyo hutawanya buluu, na yanayotufikia ni manjano na wekundu. Kamera iliyoachwa ijichagulie rangi mara nyingi huona wekundu huo kama kosa na kuuondoa. Weka mpangilio wa rangi kwenye alama ya jua, na dhahabu uliyoiona itabaki.

Ukitaka kununua kifaa kimoja tu, nunua filta ya polaraiza. Huondoa mng'ao kwenye majani, hasa baada ya mvua, na kukoleza buluu ya anga. Haifanyi kazi pande zote. Nyooshea jua kidole cha shahada, gumba likiwa limesimama kwa pembe mraba, kisha zungusha mkono: popote gumba linapoelekea ndipo anga litakapokolea. Asubuhi na jioni hiyo ni kaskazini na kusini. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, ni upeo wote unaokuzunguka.

Yote haya yajifunze kabla ya siku yenyewe. Mmarekani Ansel Adams, aliyeishi kati ya 1902 na 1984 na aliyejulikana kwa picha zake za milima na miti, alikuwa safarini New Mexico mwaka 1941 alipouona mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, jua la mwisho likiangaza misalaba ya makaburi. Hakukiona kipima mwanga chake. Kwa kuwa aliijua kazi yake, alikokotoa kichwani kutokana na nguvu ya mwanga wa mwezi, akapiga. Kabla hajawahi kupiga ya pili, jua lilikuwa limeiacha misalaba. Picha hiyo moja ni kati ya zile zinazojulikana zaidi katika historia ya upigaji picha. Jua letu huondoka kwa haraka kuliko lile. Anayeanza kutafuta vitufe jua likishuka amekwisha kuchelewa.

Mchana wa jua la utosi

Dar es Salaam hupata jua la utosi hasa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Lakini hata miezi mingine, kati ya saa 4 na saa 9 jua letu ni kali na la juu. Wengi wanasafiri na kuwa na saa hizo tu. Wasikate tamaa.

Lala chini ya mti mkubwa na upige juu, matawi yakielekea angani. Jua litapita kwenye majani. Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, kwa sababu hapo kivuli kizito huwa nguvu. Tafuta vivuli vyenyewe: kivuli cha mgunga kwenye mchanga kinaweza kuwa picha. Tumia polaraiza kwa upeo wa mbali. Subiri wingu lifunike jua kwa dakika moja; mwanga utalainika hapohapo. Na zaidi ya yote, tembea, chagua mti wako, tazama jua litazama upande gani, kisha rudi.

Mvua, vumbi na ukungu

Usifungie kamera ndani kwa sababu ya masika. Mvua ikikatika hewa inakuwa safi na milima ya mbali inakaribia. Nyakati bora kuliko zote ni pale wingu jeusi linapokuwa mbele yako na jua likakutokea mgongoni. Miti huwaka mbele ya anga la giza, na hali hiyo inaweza kudumu dakika chache tu.

Upinde wa mvua nao una sheria. Hutokea upande ulio kinyume na jua, na jua sharti liwe chini ya nyuzi 42. Kwetu hilo lina maana kwamba uutafute asubuhi kabla ya saa 3 na jioni baada ya saa 9. Mvua ikinyesha na jua jioni, liachie jua mgongo na utazame mashariki.

Kiangazi huleta vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Mandhari ya mbali hufifia, lakini jua la jioni huwa duara jekundu lisiloumiza kamera. Wakati huo acha milima ya mbali, shughulika na mti ulio karibu uliosimama mbele ya jua hilo. Nyanda za juu, kama Lushoto au Limuru, zina ukungu wa asubuhi, hasa miezi ya baridi. Usiusubiri uondoke. Ukungu huufuta msongamano wa nyuma na kuuacha mti mmoja usimame peke yake.

Adabu ya mpiga picha

Mti mara nyingi una mwenyewe. Ukiwa shambani, mtafute mwenye shamba, msalimie, eleza unachotaka. Miti mingine ni ya ibada au ya makaburi. Misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ina wazee wake na miiko yake. Mahali kama hapo ruhusa huja kwanza na kamera baadaye. Usivunje tawi kwa sababu linaziba, sogea wewe. Usichonge jina kwenye mbuyu. Na kama una droni, Kenya na Tanzania zote zinataka kibali kabla hujairusha.

Baada ya kupiga, rekebisha kwa kiasi. Nyoosha upeo wa macho, fungua vivuli kidogo, punguza mwanga wa anga kidogo. Kijani cha miti yetu kina manjano, udongo na vumbi ndani yake. Ukikikoleza kupita kiasi unaondoa kile kinachomfanya mtu wa Singida autambue mti wa Singida.

Ombi langu kwako, ndugu msomaji, ni hili. Chagua mti mmoja ulio karibu na unapoishi, unaoweza kuufikia kwa miguu. Upige asubuhi na jioni, masika na kiangazi, ukiwa na majani na ukiwa mtupu. Kila picha iandikie mahali, tarehe na saa. Ndani ya mwaka utajua jua linafanya nini juu ya mti ule, na ujuzi huo utakwenda nao kwenye kila mti mwingine utakaokutana nao. Miti mingi mikubwa ya mijini na vijijini inakatwa kupisha barabara, nyumba na mkaa, bila kuacha picha hata moja iliyopigwa kwa uangalifu. Anza na ulio mlangoni pako, na simu uliyo nayo inatosha.